Alasiri Yote Mezani Kando ya Shamba

Jumapili hii tulikula chakula cha mchana katika mgahawa uliojengwa ndani ya shamba lenyewe, na tukakaa mezani karibu alasiri nzima. Ninaandika usiku huu huu, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, kwa sababu ni muda mrefu sijawaona watu wa nyumbani kwangu wakiketi pamoja bila mmoja wao kutafuta sababu ya kuinuka.

Menyu ilikuwa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono asubuhi ile, yenye vyakula vichache tu, kwani jikoni mle hupikwa kile ambacho shamba limekitoa. Mwanangu aliomba viazi vya kukaanga, na mhudumu akamweleza kwa upole kwamba viazi bado viko ardhini na havitang'olewa mpaka majani yake yaanze kunyauka. Sikutarajia kwamba mtoto angeridhika, lakini aliomba aonyeshwe, akapelekwa hadi kwenye matuta, akarudi na udongo magotini huku akitueleza habari za viazi kana kwamba yeye ndiye aliyevipanda.

Kabla ya chakula chenyewe tuliletewa bakuli la njegere zikiwa bado katika maganda yake, tumenye wenyewe. Ganda likibonyezwa kwenye mshono hupasuka kwa mlio mdogo, na ndani yake punje zimejipanga zikiwa na unyevu, kila moja imeshikwa na kikonyo chake chembamba. Watoto walizila mbichi.

"Bibi, mbona hizi ni tamu hivi?" aliuliza binti yangu.

"Hiyo ndiyo njegere, mjukuu wangu. Ukiilaza mpaka kesho utakuta kitu kingine."

Mama hakukosea. Njegere ikishachumwa, sukari yake huanza mara moja kugeuka kuwa wanga, na kadiri inavyokaa ndivyo utamu unavyopungua. Nyanya nayo ina habari yake: nyingi zinazosafirishwa mbali huchumwa zikiwa bado ngumu na za kijani ili zistahimili safari, kisha huivishwa kwa gesi ya ethilini, na zikihifadhiwa kwenye baridi kali, chini ya nyuzijoto 12 hivi, hupoteza sehemu kubwa ya harufu inayoipa nyanya ladha yake. Tuliyoletewa sisi ilikuwa bado na uvuguvugu wa jua, imekatwa vipande vinene na kunyunyiziwa chumvi, basi. Nathubutu kusema kwamba mpishi anayejua kuacha nyanya jinsi ilivyo ni mpishi hodari kuliko wengi.

Mume wangu alitukumbusha kwamba wapo waliolipigania jambo hili kabla yetu. Alice Waters alifungua mgahawa wake, Chez Panisse, huko Berkeley, California, mwaka 1971, akajenga menyu yake juu ya mazao ya msimu kutoka kwa wakulima wa karibu. Naye Carlo Petrini wa Italia alianza harakati zake za Slow Food, yaani chakula kisicho na haraka, mwaka 1986, wakati watu walipopinga kufunguliwa kwa mgahawa wa McDonald's katikati ya Roma. Harakati hizo, zilizochagua konokono kuwa nembo yake, ziliutetea pia muda wa kukaa mezani, na hilo ndilo ninalolithamini zaidi. Jina la shamba laweza kuandikwa kwenye menyu yoyote ili kuipamba, lakini saa tatu za kula bila kuharakishwa haziwezi kughushiwa.

Kwa kweli vyakula vilikuja polepole mno. Kati ya sahani moja na nyingine palikuwa na nafasi ndefu, na mwanzoni niliwaona wakubwa wakipapasa simu zao. Lakini kila sahani ilipofika ilizua swali, swali likazaa kisa, na simu zikasahaulika. Kuku alipoletwa, pamoja na karoti zilizookwa na majani yake machache, Mama alizitazama kwa muda, kisha akaanza kutusimulia habari za bustani ya baba yake: jinsi alivyoamka kabla ya mapambazuko kumwagilia maji, jinsi alivyowakataza watoto kukanyaga matuta, na jinsi mwaka mmoja mvua ilipokosekana akawagawia majirani mbegu alizokuwa amejiwekea. Dada yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alisema hajawahi kusikia habari hizo maishani mwake. Mimi pia sikuwahi.

Kisa cha zile mbegu kilikatizwa tulipoletewa matunda, kwa sababu watoto waliyagombea na kicheko kikatutawala sote. Kesho asubuhi nitampigia Mama simu nimwombe aendelee pale alipoishia, nami nitakuwa na daftari mkononi.