Nginx ilipoipakua faili ya PHP badala ya kuiendesha

Nilihamisha tovuti ya PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) kutoka Apache kwenda Nginx, zote mbili programu za seva ya wavuti, nikafungua ukurasa wa kwanza. Kivinjari kikapakua index.php nzima nzima, msimbo wote nje, hata nywila ya hifadhidata. Nilitokwa jasho!

Kosa lilikuwa langu. Apache inaweza kuendesha PHP ndani yake kwa moduli ya mod_php. Nginx haina kitu hicho, kazi huikabidhi kwa PHP-FPM, programu ya pembeni inayoendesha PHP, kupitia FastCGI, itifaki ya mawasiliano kati yao. Nikasakinisha PHP-FPM, nikaongeza kwenye mipangilio sehemu ya faili za .php yenye fastcgi_pass, agizo linalosema maombi yapelekwe wapi. Ikaja 502, yaani hitilafu ya Nginx kukosa jibu sahihi kutoka kwa FPM: njia ya soketi (faili ambayo programu mbili huwasiliana kupitia kwayo) niliyoandika haikulingana na ile FPM inayosikilizia. Nikairekebisha, nikapakia upya mipangilio, ukurasa ukafunguka. Nywila niliibadilisha palepale.