Nilivyounganisha mifumo mitatu ya kiwanda cha samaki bila kutupa hata mmoja

Niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Walikua na mifumo mitatu, wa mizani pale mapokezi, wa vyumba vya baridi na wa uhasibu, kila mmoja na fundi wake na mwaka wake, na yote inafanya kazi vizuri, kila mmoja ukiuacha peke yake. Kazi inakuja pale mnunuzi wa Ulaya anapotaja namba ya boksi na kuuliza samaki huyu katoka mwalo gani, yaani wavuvi walimshushia wapi, hapo watu wanafunua madaftari siku nzima. Na huwezi kumpuuza, sheria yao ya chakula namba 178 ya 2002 inataka kila mwenye mzigo ajue kapokea kwa nani na kampelekea nani, afu waliokuwepo 1999 wanakumbuka vizuri Ulaya ilivyosimamisha samaki wa ziwa letu.

Wengi walisema ng'oa vyote weka mfumo mmoja mpya. Nilikataa. Mfumo uliotumika miaka mingi umebeba mambo ambayo hayajaandikwa popote, ukiung'oa unang'oa na hayo.

Wiki mbili za kwanza sikuandika programu hata mstari mmoja. Nilichora jedwali ambalo wahandisi wa mifumo wanaliita chati ya N2, mifumo inakaa kwenye mshazari, na kwenye vyumba vilivyobaki vya jedwali unajaza nani anampa nani kitu gani, kwa kipimo gani, kwa saa ipi. Kujaza vile vyumba ndo kazi yenyewe aisee. Neno "mzigo" tu, kwa watu wa mizani ni lori zima, kwa stoo ya baridi ni kreti, kwa mhasibu ni ankara.

Ila kilichonishtua ni saa. Nikamuuliza mzee wa mizani:

"Shikamoo mzee, hii 2:00 uliyoingiza hapa ni ya lini?"
"Marahaba. Saa mbili asubuhi kijana wangu, lori la Kayenze lilivyoingia."

Kompyuta inasoma saa nane usiku, nyuma masaa sita! Vyumba vya baridi navyo vilikua vinahesabu saa za Greenwich, nyuma masaa matatu. Kwahiyo samaki aliyeingia kwenye baridi baada ya lisaa limoja na nusu tu, kwenye rekodi anaonekana kakaa nje masaa manne na nusu, na mkaguzi akiona hivyo anakataa mzigo ulio salama kabisa. NASA, shirika la anga la Marekani, walipoteza chombo chao cha kwenda sayari ya Mirihi, Mars Climate Orbiter, mwaka huohuo wa 1999 kwa jambo la aina hii, programu moja inatoa namba za nguvu kwa kipimo cha pauni na nyingine inazipokea kama nyutoni.

Mzee sikumbadilishia saa yake, nilimuongezea kitufe cha asubuhi, mchana, jioni na usiku, na programu ndogo ya katikati ndo inageuza. Kila muunganiko ukawa na karatasi yake moja iliyosainiwa na pande zote mbili. Tukaunganisha miwili miwili, mizani na baridi kwanza, uhasibu baadaye, madaftari yanaendelea kando, na umeme ukikatika data inasubiri kwenye foleni hadi urudi.

Siku ya majaribio dada wa stoo alichagua boksi mwenyewe. Zikapita kama dakika tatu, lori, mwalo, saa na joto la kila hatua vikatoka. Mzee wa mizani akafungua daftari lake, akashuka na kidole mpaka kwenye mstari, akasoma kwa sauti: Kayenze, saa mbili asubuhi.