Moto wa juu na moto wa chini

Jumapili moja ya Aprili 2018, mvua za masika zilipokuwa zimeulemea mji wa Dar es Salaam, na Mto Msimbazi umefurika hadi barabara ya Jangwani ikafungwa, gesi ilituishia nyumbani majira ya saa kumi na moja jioni, maharage yakiwa yamechemka lakini hayajaiva. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa ng'ambo ya pili ya bonde hilo, katika hospitali anakofanyia kazi, na alikwishanipigia simu kunieleza kwamba wenzake wa zamu ya usiku hawajaweza kufika, hivyo tusimtarajie hadi kesho yake. Nyumbani tulikuwa mimi, watoto wetu wawili, na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Pangani kwa ajili ya kliniki ya macho.

Mtu asiyekulia penye heshima ya ukwe anaweza asielewe ugumu wa jioni ile. Kwa wakwe zangu, mkwe wa kiume hakai jikoni na mama wa mkewe, hali chakula mbele yake, wala hazungumzi naye zaidi ya yanayolazimu. Tangu mama afike, mimi nilikuwa nikila sebuleni na yeye akila chumbani pamoja na wajukuu wake, na maongezi yetu yalikuwa ni "shikamoo, mama" na "marahaba, baba, mmeamkaje", kisha kila mmoja anashika njia yake. Mke wangu ndiye aliyekuwa daraja kati yetu, na sasa alikuwa upande wa pili wa maji.

Habari ya gesi niliipata kwa binti yetu, aliyekuja sebuleni mbio akasema, "Baba, bibi anasema moto umezimika." Niliingia jikoni, mama akasogea dirishani akatazama nje, nami nikautikisa ule mtungi wa kilo 15, nikaukuta mwepesi. Nilimpigia simu muuza gesi wa mtaani, akanijibu kwamba duka lake lina maji hadi kwenye rafu ya pili na kijana wake wa pikipiki hawezi kutoka. Mkaa tulikuwa nao kidogo katika kiroba kule uani, lakini ulikuwa umelowa chepechepe. Tena tulipanga ghorofa ya pili, na mwenye nyumba alikuwa amekataza majiko ya mkaa ndani. Katika hilo nilikuwa upande wake, kwa maana hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya mvua ndicho hasa kinachoua watu.

Umeme, kwa bahati, ulikuwapo. Na jiko letu, tulilolinunua Kariakoo tulipooana, lilikuwa lile la gesi juu na oveni ya umeme chini.

Oveni hiyo, kama ilivyo katika nyumba nyingi ninazozifahamu, ilikuwa kabati. Nilipoufungua mlango wake jioni ile nilitoa masufuria yaliyopangwa moja ndani ya jingine, karai la kukaangia maandazi, sinia mbili, chujio la tui, na furushi la mifuko ambayo mke wangu huitunza kwa sababu anazozijua mwenyewe. Iliwashwa siku za kuzaliwa za watoto, ikaoka keki, ikapoa, kisha vyombo vikarudishwa mahali pake. Nadhani tatizo letu na oveni lilianzia hapo: tuliinunua tukiwaza keki, keki ni chakula cha sherehe, basi na oveni nayo tukaihesabu kuwa chombo cha sherehe, na haikutupitikia kwamba wali na maharage ya kila siku vingeweza kupita humo.

Mama alikuwa amegeuka kutoka dirishani na kuyatazama yale masufuria yakitoka. Hakuniambia neno. Alimwinamia mjukuu wake akasema, kwa sauti ambayo nilipaswa kuisikia, "Mwulize baba yako, moto wa humo unatokea wapi?"

Nilimjibu mtoto kwamba unatokea chini na juu, kuna koili mbili, na mtu anaweza kuwasha mmoja au yote miwili. Mtoto alianza kuyarudia, lakini mama alikuwa amekwisha kusikia na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Juu na chini pamoja?"

"Ndiyo, mama," nilisema, nikimjibu moja kwa moja bila kukusudia.

"Sasa hiyo si ndiyo kupalia?"

Kwa wasiojua, wapishi wa pwani tangu zamani hupika wali hadi maji yanapokaribia kukauka, kisha hupunguza moto wa chini, hufunika sufuria kwa mfuniko bapa, na huweka makaa ya moto juu ya mfuniko huo ili wali uive kwa joto la pande zote mbili. Mkate wa kumimina hupikwa hivyo, na hata mkate wa mayai. Mama alikuwa amefanya kazi hiyo tangu utotoni. Kilichomtatiza katika oveni kilikuwa vile vifundo vya mbele ambavyo maandishi yake yalikuwa yamefutika, na mimi, ambaye sikuwahi kupika wali wa kupalia maishani mwangu, nilivijua vifundo hivyo kwa sababu ndiye niliyekisoma kile kijitabu chake tulipolinunua jiko. Kwa hiyo tulihitajiana, na ukwe ukalazimika kusubiri.

Niliwasha koili zote mbili, nikaweka nyuzi 180. Moshi kidogo ulitoka, wenye harufu ya mafuta ya keki za zamani, kisha ukaisha. Mama hakuridhika na namba. Alichukua bamba la keki, akanyunyiza unga wa ngano kiasi cha kubana kwa vidole, akaliingiza ndani na kusimama akichungulia kupitia kioo cha mlango. Unga ulikaa mweupe kwa muda, kisha ukaanza kugeuka hudhurungi taratibu, mapema zaidi upande wa nyuma kuliko upande wa mlangoni. "Moto wake wa nyuma ni mkali," alisema. "Tutavigeuza vyombo." Mimi nilikuwa na oveni ile kwa miaka na sikulijua jambo hilo.

Kisha alichagua vyombo. Vikaango vyetu vizuri, vile vyenye mikono ya plastiki, aliviweka kando bila kuuliza. Alichukua masufuria ya kawaida ya aluminiamu, yasiyo na mikono, yenye ukingo tu wa kushikia, pamoja na mifuniko yake bapa. Nilipoyatazama yakiingia nilifurahi, kwa sababu sufuria hizo zinazouzwa kila soko la nchi hii hazina hata kipande kimoja cha kuungua au kuyeyuka, na mfuniko uliotengenezwa ili ubebe makaa hauna kitu chochote cha kugonga rafu ya juu.

Maharage ndiyo yaliyotangulia. Yalikuwa yamelowekwa tangu asubuhi na yalikwisha kuchemka kwa nguvu kabla gesi haijaisha. Hilo lilikuwa la maana, kwani maharage mekundu yakipikwa kwa joto dogo tangu mwanzo bila kuchemshwa sawasawa huweza kuumiza tumbo. Mama aliongeza maji ya moto kutoka kwenye birika la umeme, kitunguu, na nyanya zilizokatwa, akafunika, akaisukuma sufuria hadi rafu ya chini upande wa nyuma, penye ule moto mkali.

Wakati yanaiva, alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, nami nikapewa kazi ya kuosha mchele, nikiwa nimempa mgongo kwa adabu iliyobaki. Alikamua tui zito akaliweka kando, akaongeza maji ya uvuguvugu kwenye machicha akakamua tui jepesi la kupikia wali. Tui hilo jepesi alitaka liingie likiwa moto, na kwa kuwa birika halifai kuchemshia tui, alichanganya tui na maji yaliyochemka, akatia chumvi, akamimina juu ya mchele, kipimo chake kikiwa kiungo cha kwanza cha kidole juu ya usawa wa mchele. Kabla ya kufunika aliweka karatasi ya foili juu ya ukingo wa sufuria, kisha mfuniko, kwa sababu, alivyomweleza mjukuu wake, moto wa humu ni mkavu na mvuke ukitoroka wali utabaki na kiini.

Samaki alikuwa nguru, vipande vinene vilivyokuwa kwenye friji vimetiwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi. Tulivipanga kwenye sinia ndogo ya bati iliyopakwa mafuta, tukaviweka rafu ya juu bila kuvifunika. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi mlo mzima unavyoweza kukaa katika moto mmoja: maharage na wali chini, samaki juu, na sisi wapishi hatuna la kukoroga. Taa ndogo nyekundu ya oveni iliwaka ikazima, ikawaka ikazima, na nilimweleza mama kwamba ikizima, umeme nao haulipiwi, kwani jiko limefikia joto lake na limepumzika. Alinitazama kwa mashaka. Nilikwenda kuisoma mita ya LUKU tulipoanza na nikaisoma tena tulipomaliza. Kazi yote ile ilikula uniti mbili na kitu, na uniti moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 350. Yeye, aliyekuwa ameaminishwa kwamba oveni ni chombo cha kufilisi watu, aliniomba niirudie hesabu.

Samaki walipoanza kukauka juu, mama aliwatoa, akachanganya lile tui zito na bizari, pilipili mbuzi iliyopondwa na maji ya ndimu, akawamiminia. Alitaka moto wa juu peke yake, nami nikageuza kifundo. Kwenye mkaa, samaki wa kupaka hupakwa tui lake huku akigeuzwa na moshi wa matone yanayodondoka humpanda. Humu hapakuwa na moshi, lakini tui halikukatika kama linavyokatika likiachwa kwenye moto mkali, bali liliganda polepole likashika rangi ya manjano, na pembeni mwa sinia likafanya utandu mwembamba ambao watoto waliugombea.

Mchicha haukufaulu. Tulifikiri kwamba kwa kuwa nafasi ipo nao uingie, ukaingia na nyanya na kitunguu, ukatoka umefubaa na kuwa wa rangi ya majani yaliyokaa juani. Mboga za majani zinataka moto wa haraka na mkono wa kuzigeuza, na tangu siku hiyo sijazijaribu tena humo.

Wali ulikuwa umesimama punje moja moja, na chini kulikuwa na ukoko wa dhahabu uliolingana sufuria nzima, bila lile doa jeusi la katikati ambalo jiko la gesi hutuletea kila siku. Mama aliubandua ukoko kwa mwiko, akaugeuza, akaunusa. "Umeiva," alisema, kisha, baada ya kufikiri, "ila makaa yana harufu yake." Sikubishana naye, kwa kuwa alikuwa na haki, ingawa kwa upande wangu ukoko ule ningeuchagua mbele ya wowote niliowahi kuula.

Lilibaki suala la nani ale wapi. Chumbani maji ya mvua yalikuwa yamepenya kwenye dirisha na mkeka ulikuwa umelowa. Mama aliliangalia jambo hilo kwa muda, kisha akatandika mkeka mwingine sebuleni, akapakua sinia moja kwa ajili yangu na nyingine kwa ajili yake na watoto, akaketi amenipa ubavu. Tulikula hivyo. Binti yetu alipoanza kunipelekea ujumbe kwamba bibi anauliza kama chumvi imetosha, mama alimkatiza akaniuliza mwenyewe.

Usiku huo aliloweka mchele mwingine. Asubuhi tuliusaga kwenye blenda pamoja na tui, sukari, iliki na hamira, tukauacha uumuke karibu na oveni iliyokuwa inaanza kupata moto. Alisisitiza sufuria ipakwe mafuta na iingie kwanza peke yake hadi ipate moto sana, ndipo mkate umiminwe, la sivyo ungeshika chini. Ulipomiminwa ulitoa sauti, ukaanza kutoboka vitundu juu, na baada ya takribani nusu saa ulikuwa umefura na kushika wekundu mzuri. Mara hii mama mwenyewe ndiye aliyegeuza vifundo, akivihesabu kwa mibofyo badala ya maandishi yaliyofutika.

Barabara ilifunguliwa mchana. Mke wangu aliingia akiwa bado na sare ya kazi, akamkuta mama yake ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa oveni na mimi nimesimama karibu yake nimeshika bamba. Alitutazama wote wawili, akaulizia gesi, akaambiwa imeisha tangu jana. Mama alimkatia kipande cha mkate, akamwambia aketi ale kwanza, maana mlango ukifunguliwa kila wakati joto linapotea na chombo cha pili kilikuwa bado kimo ndani.