Mara elfu kumi na tisa, hakuna aliyetunza

Mchana nina kibanda cha M-Pesa hapa Langoni, Lamu, hatua chache kutoka usita wa mui, njia kuu ya mji wetu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi Magharibi kazi yangu ni kuhesabu pesa za watu: weka, toa, andika, tia sahihi. Usiku, baada ya Isha, nafunga mlango wa chumba, navaa hedifoni, nageuka produsa wa muziki wa elektroniki. Nayasema haya mapema kwa sababu nimechoka kusoma wasanii wakilalama kuwa muziki haulipi bila kuonyesha hata risiti moja. Mimi nina daftari. Ni lile lile la kibandani, nimelipindua nikaanzia nyuma.

Toleo langu lilitoka Ijumaa, tarehe 2 Februari 2024. Nyimbo tano, hakuna hata moja yenye maneno. Ukurasa wa gharama unasomeka hivi: kumasta nyimbo tano, yaani kuzisawazisha sauti mara ya mwisho kabla hazijatoka, kwa fundi wa Nairobi, shilingi 20,000. Picha ya jalada, 6,000. Msambazaji wa kuzifikisha nyimbo Spotify, Apple Music na kwingineko, 3,700 kwa mwaka. Bando, 2,000, kwa sababu faili za WAV, za sauti isiyobanwa, zinakula. Wapiga pembe, 15,000. Mahamri, mbaazi na kahawa ya wapiga pembe, 1,300. Jumla 48,000.

Kompyuta sikuitia. Ni ya mkono wa pili, niliinunua Mombasa, na nyumba nzima huitumia kutazamia filamu. Programu ya kurekodia ni Reaper, leseni yake dola 60, nililipa zamani nikasahau. Wala sikutia maikrofoni yangu ya kwanza, niliyoiacha karibu na dirisha msimu wa kusi nikaja kuikuta wavu wake umeota kutu. Chumvi ya bahari hapa haina adabu na vyombo.

Hizo pembe sasa.

Kwa asiyejua, vugo ni ngoma ya wanawake ya harusi. Hupigwa pembe za nyati kwa vijiti, wote kwa pamoja, huku wanaimba. Sisi wanaume wa Lamu twakua tukiisikia kwa mbali, kutoka darini au nyuma ya ukuta. Nilikuwa na hamu ya kuisikia kwa karibu, pembe moja moja, kabla sijaitia kwenye mashine. Mjomba ana nyumba Mkomani isiyokaliwa, nyumba ya kale hasa, kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya boriti. Ukipiga makofi humo ndani sauti haikimbii, inatua. Nikaomba ufunguo.

Tulianza saa tatu usiku, mji umeshatulia. Kutulia kwa Lamu lakini kuna mipaka yake: mara mbili tulisimamishwa na punda, mara moja na injini ya boti iliyokuwa ikirudi Shela. Punda wa pili nimemwacha kwenye wimbo wa nne, dakika ya tatu. Aliingia mahali pake na sikuwa na haki ya kumtoa.

Kiongozi wao ni bibi mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu nyanya yangu. Jina lake silitaji, hapendi. Nilimvisha hedifoni zenye mlio wa kushika mwendo, tik, tik, tik, mapigo 120 kwa dakika. Akasikiza kidogo, akazivua, akanirudishia mkononi.

"Mimi siifuati saa, mwanangu. Saa na inifuate mimi."

Ikabidi. Wanawake wale huanza pole, na kila furaha ikipanda mwendo nao wapanda. Ilinichukua wiki mbili kuifundisha kompyuta kumfuata bibi, kipande kwa kipande, ngoma ya chini na besi zikimkimbilia nyuma kama watoto kwenye msafara wa harusi. Wiki hizo mbili nazo hazimo daftarini. Ningezitia ningeacha muziki siku ile ile.

Niliwalipa usiku huo huo, mkononi, kabla hawajavaa mabuibui yao: kiongozi 5,000, wenziwe wanne 2,500 kila mmoja. Juu yake nikaandika karatasi kuwa asilimia 20 ya kila kitakachoingizwa na wimbo ule ni yao. Kuna produsa wenzangu walionicheka. Vugo ni ya wote, walisema, mtu hamiliki vugo. Sawa, vugo ni ya wote. Lakini ule mkono ulioshika kijiti si wa wote, ni wake, na hata sheria ya hakimiliki ya Kenya inamtambua mtumbuizaji kuwa ana haki yake mbali na mtunzi.

Upande wa mapato ulianza vizuri mno. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, ila tangu Machi 2020 imekuwa ikiteua Ijumaa fulani ambazo huliacha fungu lake lote kwa msanii. Tarehe 2 Februari ilikuwa mojawapo. Siku yao huanza usiku wa manane kwa saa za California, ambayo kwetu ni saa tano asubuhi. Saa tano kamili nikabonyeza kitufe, nikafunga kibanda, nikaenda kuoga nikavaa kanzu kwenda kuswali. Niliporudi saa nane nilikuta kopi tisa zimeuzwa. Bei niliyoweka ni dola 5, lakini pale mnunuzi akitaka kuongeza anaongeza, na mmoja wao, Mjerumani nisiyemjua hata kwa picha, alikuwa ametoa 20. Mpaka Jumamosi saa tano zilikuwa kopi 26, dola 180.

Hapa ndipo mimi, mtu wa hesabu, nilipofanya ujinga wangu. Mnakumbuka Januari ile dola ilifika shilingi 160. Kibandani hakukuwa na mazungumzo mengine. Kila aliyetumiwa pesa kutoka Ulaya alikuwa akitabasamu. Nikajiambia itafika 180, nisubiri. Pesa nikaziacha PayPal. Katikati ya Februari shilingi ikaanza kupata nguvu, na ilipofika Mei dola ilikuwa haizidi 130 na ushee. Nikazitoa kwa M-Pesa huku roho inaniuma, na ukibadilisha kwa njia ile unapata chini kidogo ya bei ya soko. Kwa kopi za Ijumaa ile peke yake nilipoteza kama shilingi 5,000. Nimemlipa msambazaji dola ikiwa 160, nikalipwa mimi dola ikiwa 126. Mwenye kibanda cha pesa!

Mwaka ulipotimia Bandcamp ilikuwa imetoa kopi 61, jumla dola 370. Baada ya fungu lao kwa siku zisizokuwa zile Ijumaa, na makato ya malipo, nilibaki na dola 319, sawa na shilingi 40,100.

Upande wa kusikilizwa mtandaoni ni kisa kingine. Nyimbo zote tano zilisikilizwa mara 38,412. Ukilitaja hilo barazani watu wanakuamkia kwa heshima. Zilileta dola 91.

Watu huuliza kila mara mtu akisikiliza mara moja analipa ngapi, na jibu ni kuwa hakuna bei. Pesa za wanaolipia na za matangazo huingia kapu la nchi yao, jukwaa linachukua chake, kinachobaki kinagawanywa kwa kadiri ya nani amesikilizwa sana. Msikilizaji wa Norwei anayelipia kila mwezi si sawa na kijana wa Malindi anayesikiliza bure na matangazo katikati. Spotify ilifika Kenya Februari 2021, na wengi ninaowajua hapa wanatumia ile ya bure. Kwa hiyo kadiri ninavyopendwa nyumbani ndivyo wastani wangu unavyoshuka. Halafu kuanzia 2024 wakaweka sharti kuwa wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haupati chochote. Wimbo wangu wa tano ulifika 870 tu. Ndio ninaoupenda kuliko wote, kwa bahati mbaya.

Na kuna fomu, W-8BEN, ya kodi ya Marekani. Kenya haina mkataba wa kodi na wao, basi kinachotokana na wasikilizaji wa huko kinakatwa asilimia 30 kabla hakijavuka bahari. Sina neno, serikali ni serikali. Ila nilipoiona ile safu ya makato nilicheka peke yangu, kwa sababu mteja wangu hunilalamikia kibandani kwa shilingi 29 za kutoa.

Shangazi yangu haachi kuniuliza kwa nini siutii wimbo Skiza, ile huduma ya Safaricom ya nyimbo anazozisikia mpiga simu akingoja kupokewa. Anayo hoja, tangu marekebisho ya sheria ya 2022 fungu la msanii katika milio ya simu halipaswi kushuka chini ya asilimia 52. Lakini mtu anayempigia shangazi simu anataka kusikia kasida au mapenzi, si besi na punda. Rafiki yangu wa Malindi naye alishauriwa anunue wasikilizaji: dola 30, elfu kumi ndani ya wiki. Walikuja kweli, wote mashine, na wimbo ukaondolewa. Tuliachia hapo.

Sasa jumlisha. Bandcamp 40,100, kusikilizwa 11,400, ndizo 51,500. Toa gharama 48,000. Faida ya mwaka, shilingi 3,500.

Lakini ile karatasi ya asilimia 20 bado ilikuwa drooni. Wimbo wa pembe ndio uliobeba toleo, mara 19,340, nusu ya mara zote. Nikaupa dola 46 za kusikilizwa na 64 za mauzo, ambazo ni moja ya tano ya Bandcamp. Asilimia 20 yake ni dola 22. Nikahesabu noti, 2,750, nikazitia bahashani, nikaenda kwa bibi baada ya Alasiri.

Alikuwa kibarazani akichambua mchele. "Ndoo, kaa," akasema, yaani njoo. "Yeo waniletea nini?"

Nikamweleza. Nikamfungulia simu nikamwonyesha ramani yenye madoa ya wasikilizaji, Ujerumani, Meksiko, Ujapani. Akaishika simu mbali na macho kama watu wazima wanavyofanya.

"Hawa wote wamenisikia?"

"Mara elfu kumi na tisa, bibi."

"Na hapana aliyetunza?"

Nilikaa kimya. Kwetu ngoma ikikolea mtu huinuka, huingia uwanjani, humtunza mpigaji, noti mkononi, kwenye leso, kwenye paji la uso. Si bei wala si sadaka. Ni kumwambia nimekusikia. Nikamwambia wako waliotunza, sitini na mmoja, na yule Mjerumani alitoa mara nne ya bei. Akaniuliza jina lake. Nikalisoma lilivyoandikwa, vibaya nadhani, akalirudia vibaya zaidi.

"Huyo ni mtu," akasema. Kisha akahesabu pesa bahashani, akagawa kwa vidole, 550 kila mmoja. "Na wewe umesaliwa na ngapi?"

"Mia saba na hamsini."

Alicheka mpaka ungo ukataka kumwagika. Na mimi nilicheka, ingawa nilikuwa nikijua analolijua sasa: katika toleo langu mwenyewe, mpiga pembe amepata 5,550 na mimi sikufika hata elfu. Sikumwambia kuwa msambazaji ameshaandika anataka ada ya mwaka wa pili, dola 23, la sivyo nyimbo zinashushwa. Nimeangalia CD Baby, wao hulipisha mara moja kwa kila toleo kisha hukata asilimia 9 ya mapato. Kwa mapato kama yangu asilimia 9 ni nafuu kuliko kulipa ada kila Februari kama kodi ya nyumba, na pengine nitahamia huko.

Nilipoinuka kuaga akaniita. Akafungua fundo la leso yake, akatoa noti ya mia mbili, akaikunja, akaichomeka kwenye ukingo wa kofia yangu. Jirani wawili walikuwa wakitazama. Sikuweza kukataa, hakikataliwi kitu kama kile.

"Nawe utunzwe," akasema. "Safari ijayo lakini ni elfu saba. Na yule punda simtaki."

Nimerudi kibandani nikaandika yote mawili. Mapato, 200. Chini yake, ukurasa mpya wa gharama: pembe, 7,000. Fundi wa kumasta hajanijibu. Kuhusu punda tutazungumza.