Tulivyokwenda Antaktika na magoti yetu

Kila aliyesikia tunakwenda Antaktika alituuliza habari ya baridi. Kumbe baridi ndiyo ilikuwa ya mwisho katika yaliyotusumbua. Tulisafiri mwishoni mwa Novemba, kiangazi cha huko kinapoanza, na kwenye Rasi ya Antaktika kipimajoto kilikuwa kikichezacheza karibu na sifuri. Ukivaa vizuri unavumilia. Kilichotutoa jasho ni zipu, mkojo na ngazi.

Mimi nina miaka 71 na goti la kushoto lililochoka. Mzee wangu ana 76, ana presha, na ana tezi dume ambayo daktari wake haiondolei macho. Tulikaa safarini siku 21. Tulipanda meli Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, tukapita visiwa vya Falkland na Georgia ya Kusini, tukafika Antaktika yenyewe, kisha tukarudi Ushuaia kwa kuvuka Mlango wa Drake, ile bahari kati ya Amerika ya Kusini na Antaktika.

Wakala aliyetuuzia safari alisema ni ya "umri wowote". Hakudanganya moja kwa moja: meli ilikuwa na lifti, na wenzetu wengi walikuwa na mvi kama sisi. Ila hakutuambia kwamba bahari ikichafuka lifti inazimwa. Hakutuambia kwamba huko mara nyingi hakuna gati, unashuka ngazi ya ubavuni mwa meli na kuingia kwenye boti ya mpira inayopandishwa na kushushwa na mawimbi. Wala hakutaja kwamba karibu kote ufukweni hakuna choo, na huruhusiwi kukaa chini. Hayo mawili ya mwisho nitayarudia.

Jambo moja tulilipata sawasawa tangu mwanzo, nalo ni chumba. Tulichukua cha sitaha ya chini, katikati ya meli. Wenye vibaraza vya juu walituonea huruma siku ya kwanza. Siku ya tatu mmoja wao alikuja kuchungulia, akauliza kama kwetu pia vikombe vinaanguka. Meli hupanda na kushuka zaidi kwenye omo na tezi, yaani mbele na nyuma, na inapoyumba kwa ubavu, aliye juu ndiye anayepepesuka. Chini katikati ndiko kunakotulia. Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini tumboni mwa chombo. Sidhani walikuwa wakiwafikiria watalii, lakini kwetu ilifaa. Mzee akadai methali hiyo inamsema yeye, kwa ajili ya hiyo tezi yake. Ni utani wa ndoa ya miaka 48, nivumilieni.

Sasa nieleze habari ya plasta, maana ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Kutoka Falkland hadi Georgia ya Kusini ni bahari tupu, siku mbili na zaidi. Mimi nilikuwa nimemeza vidonge vya kuzuia kichefuchefu kama daktari wetu alivyoelekeza, tena kabla ya kuanza kuyumba, kwa sababu ukishaanza kutapika kidonge hakikai. Mzee alijiona baharia, akakataa. Usiku wa kwanza alikuwa amekumbatia ndoo. Jirani wa chumba cha pili, mtu mwema kabisa, akampa plasta yake moja ya skopolamini, ile ndogo ya duara inayobandikwa nyuma ya sikio. Asubuhi mzee akanywa chai na kula mkate. Tukamshukuru jirani mpaka tukamwona anaona haya.

Usiku uliofuata, kama saa nane, nikasikia kitu kinakwaruza. Nikawasha taa. Mzee amesimama mbele ya kabati la nguo, kashika koti langu kwa mikono miwili, analivuta.

"Mama, mlango wa choo umekwama."

Nilicheka, kisha nikaacha. Mboni za macho yake zilikuwa zimetanuka kama za paka gizani. Midomo imekauka, ulimi unanata anapozungumza. Nikamshika mkono, nikampeleka chooni, mlango ulio hatua mbili tu kutoka kabatini. Alikaa humo nusu saa. Hakikutoka kitu. Tumbo chini ya kitovu lilikuwa limewamba kama ngoma, na alikuwa akiniita kwa jina la dada yake.

Nikampigia daktari wa meli. Alikuja binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wetu, viatu havijafungwa kamba. Hakuanza na tumbo. Alikunja sikio la mzee, akaibandua ile plasta, akaikunja na kuitupa, akapasafisha mahali ilipokaa. Ndipo akaniuliza: "Bibi, nani alimpa hii?"

Alitueleza, na baadaye akarudia kwa mzee akili zilipomrudia. Dawa ile hukausha mate na hulegeza misuli ya kibofu. Kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, mkojo unaweza kuziba kabisa. Kwa wazee, wake kwa waume, inaweza kuvuruga akili. Tena plasta moja imetengenezwa kufanya kazi siku 3, na hata ukiibandua, iliyokwisha kuingia ngozini inaendelea kwa saa kadhaa. Wenye presha ya macho nao, alisema, wasiiguse bila kumwona daktari. Akamwekea mzee mpira wa mkojo palepale chumbani, meli inayumba, yeye kapiga magoti na kuegemeza bega ukutani. Sitaeleza zaidi, ila niliona uso wa mume wangu ukilegea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Jioni alikuwa mzima, anauliza kwa nini koti langu halina kifungo.

Jirani hakuwa na kosa. Yeye alikuwa nayo kwa ushauri wa daktari wake, na ilimfaa. Kosa ni letu: kabla ya kusafiri tulijaza fomu ndefu ya afya, daktari akaitia saini, tukalipia bima ya kuondolewa kwa dharura, halafu tukapokea dawa mlangoni kama tunavyopokea chumvi ya kuazima. Na hapo tulipokuwa, bima isingetusaidia upesi. Georgia ya Kusini haina uwanja wa ndege. Mgonjwa huondoka kwa meli. Huko mbele, karibu na Rasi ya Antaktika, kisiwa cha King George kina kiwanja cha changarawe, na ndege hutua pale hewa ikikubali.

Daktari yule alitusaidia pia lile la choo. Mzee humeza asubuhi kidonge cha presha kinachotoa maji mwilini. Kushuka ufukweni huwa mara tu baada ya kifungua kinywa, na kuanzia unapopanda boti mpaka unaporudi ni saa mbili au tatu. Akamsogezea kidonge hadi tunaporudi melini, akaandika kwenye karatasi. Hatukujiamulia. Chai tukapunguza hadi nusu kikombe, nasi tulikuwa na pedi za watu wazima ndani ya suruali, wote wawili. Aibu niliimaliza siku nilipomwona profesa mmoja mstaafu akinunua za kwake dukani melini huku akipiga mluzi.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu, si pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakugandisha. Lakini hakuna aliyenionya kuhusu vidole. Nina baridi yabisi, na glavu mbili juu ya vidole hivi ni sawa na kushika sindano kwa kijiko. Siku ya kwanza nilimwita mzee anifungie zipu, yeye naye akaniita nimfungie buti, tukawa tunazungukana kama kuku. Usiku nikakata kamba ya kiatu vipande vipande, nikafunga kitanzi kwenye kila zipu, kikubwa cha kuingiza kidole chenye glavu. Dakika 40 za kuvaa zikawa 20. Jingine: tulivaa chini kwanza, tukasubiri tumekaa, na koti tulilivaa kundi letu lilipoitwa tu. Wanaokimbilia kuvaa kila kitu hutoka jasho kwenye foleni, kisha jasho hilo huwapoza botini.

Foleni ipo kwa sababu kanuni ni kwamba watu wasizidi 100 ufukweni kwa wakati mmoja. Mimi niliipenda. Inampa mzee muda.

Kuingia botini kuna ustadi wake. Mikono yote miwili lazima iwe mitupu. Mkoba unakaa mgongoni. Baharia anakushika kigasha, yaani mkono chini ya kiwiko, na wewe unamshika kigasha chake, si kiganja, kwa kuwa kiganja kilicholowa huteleza. Unasubiri boti ipande juu, akisema sasa unakanyaga ukingo, kisha ndani, kisha unakaa. Asiposema, huendi. Mara mbili nilirudi nyuma ngazini na hakuna aliyeninunia.

Georgia ya Kusini wana ukali wa usafi ambao sikuwahi kuuona. Tulifyonza mifuko kwa mashine, tukachokoa nyayo za buti kwa vibano tukitafuta mbegu, kisha maofisa wa kisiwa wakakagua. Wana haki: walihangaika miaka kuwamaliza panya walioletwa na meli za zamani, na mwaka 2018 ndipo walipotangaza kwamba wameisha. Tangu homa ya mafua ya ndege ilipofika huko mwaka 2023, kuna pia katazo la kukaa, kupiga magoti au kuweka mkoba chini. Kijana hana shida na hilo. Mtu mwenye goti kama langu anaanza kupiga hesabu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: sitakwenda mbali kuliko ninapoweza kurudi kwa miguu bila kupumzika. Kwenye ghuba ya St Andrews, kwenye kundi la pengwini mfalme linalohesabiwa kwa jozi kama 150,000, nilitembea mpaka ukingo wa kijito nikasimama hapo, fimbo mkononi. Wenzangu walivuka kwenda kilimani kwenye mandhari ya picha. Mimi nilibaki na makelele yale, na harufu, na vifaranga vya manyoya ya kahawia vilivyo vinene kuliko mama zao. Sheria inasema mita 5 kati yako na pengwini, ila pengwini hawajaisoma. Mmoja alinijia, akaichunguza fimbo yangu, akaidonoa mara moja, akaenda zake.

Siku hiyo mzee hakushuka. Alikuwa bado mnyonge na mawimbi ya ufukweni yalikuwa makubwa. Hapo ndipo tulipogombana kidogo, kwa sababu nilitaka nibaki naye na yeye akakataa kata kata. "Hukuja kuniangalia nimelala," alisema. Nilikwenda nimekasirika. Niliporudi alikuwa sitahani na darubini, anajua kila nilikosimama. Kuanzia siku ile tukawa tunaamua kila asubuhi, kila mtu kwa mwili wake, bila kubembelezana. Yeye alishuka mara saba, mimi kumi na moja.

Mara ya kwanza kwake ilikuwa Grytviken, panapotembeleka maana ni tambarare. Palikuwa kiwanda cha kuchinjia nyangumi, kilianzishwa mwaka 1904 na Carl Anton Larsen wa Norwe; sasa ni matangi yenye kutu, kanisa dogo jeupe, na makaburi. Hapo amezikwa Ernest Shackleton, mpelelezi maarufu wa Antaktika, aliyefia melini hapohapo bandarini tarehe 5 Januari 1922, ana miaka 47. Mwili ulikuwa umekwisha kufikishwa Montevideo njiani kurudi kwao, mkewe Emily akatuma neno arudishwe azikwe Georgia ya Kusini. Wageni humwaga wiski kidogo kaburini. Mzee alimwaga yake yote, maana daktari alikuwa kamkataza kunywa.

"Wewe ungenirudisha huku?" akaniuliza.

"Nikufungie zipu tena? Thubutu."

Antaktika yenyewe naweza kuimaliza upesi, si kwa sababu ilikuwa ndogo bali kwa sababu huko hatukuwa na matatizo tena. Mwanga karibu usiku kucha. Tuliziba dirisha kwa taulo. Barafu yenye rangi ya samawati kwa ndani, kama kuna taa imewashwa humo. Siku vijana waliporuka majini kwa kujionyesha ujasiri, sisi tulishika mataulo yao. Siku mbili goti langu liligoma, nikazungushwa kwa boti bila kushuka, nikamwona sili amelala juu ya kipande cha barafu, anafumbua jicho moja na kulifumba.

Mlango wa Drake, unaozidi kidogo kilomita 800 palipo pembamba, ulituchapa siku nzima ya kwanza. Safari hii mzee alimeza kidonge chake mapema bila kuambiwa. Tulilala tumejibana kwa mito, tukatembea kwa kanuni ya meli: mkono mmoja wako, mkono mmoja wa reli. Hatukuanguka.

Ushuaia tulishuka asubuhi kwenye gati la kweli, la zege. Ardhi ilikuwa inayumba, au ni sisi. Miti! Nilikuwa nimesahau kwamba udongo una harufu. Kando ya njia palikuwa na benchi la mbao limelowa umande, mzee akalifuta kwa mkono wa koti, akaketi, akanipigia kiganja pembeni yake. Tukakaa. Tulikaa mpaka mizigo yote ikashushwa.