DT haishiki kama Boxer

Kwa miaka saba nimezunguka vijiji vya Rungwe na Boxer ya kaka yangu, nikikagua viazi, parachichi na migomba ya watu. Mwezi uliopita nilikabidhiwa Yamaha DT 125 ya kazi. Ni ndefu, nikisimama nagusa chini kwa ncha za vidole, lakini urefu niliuzoea siku ile ile. Shida ilikuwa kona.

Nilikuwa nashuka kutoka Isyonje kwenda Kiwira. Anayeijua barabara ile anajua asubuhi zake: ukungu, lami imelowa, na malori ya mpakani yanapanda kwa gia nzito. Nikaingia kona ya kushoto kama nilivyozoea, nikaachia mafuta ili injini inishike. Haikunishika. Hii ni injini ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli, na ukiiachia mafuta kwenye mteremko inaserereka kama vile umeitoa gia. Macho yangu yakaganda kwenye bampa ya lori lililokuwa linapanda, na pikipiki ikaanza kuyafuata macho. Nilivuka mstari wa katikati. Dereva akapiga honi ndefu, akanipisha. Mbele kidogo nikaegesha, nikakaa kando ya mfereji mpaka magoti yalipotulia.

Jioni nilimsimulia kaka. Hakunigombeza. Alisema, "Mdogo wangu, breki zimalize kabla ya kona. Ukishaingia, tazama unakotokea, halafu sukuma mkono."

Kusukuma mkono ndiko kulikonifungua macho. Ukitaka kwenda kushoto, unasukuma usukani mbele kwa mkono wa kushoto, taratibu, na pikipiki inalala kushoto. Kumbe kwenye Boxer nilikuwa nafanya hivyo bila kujua, kwa sababu gurudumu lake la inchi 17 linaitika hata ukiligusa kidogo. La mbele la DT ni inchi 21. Linataka usukume kwa kumaanisha, kisha ulipe nafasi lilale.

Jumapili mbili nimeamka alfajiri kwenda Katumba, kwenye kona moja katikati ya mashamba ya chai. Niliichagua kwa sababu chai ni fupi. Unaiona kona nzima mpaka inakoishia, na gari likija unaliona mapema. Gia ya pili, breki kwanza, macho mbele, sukuma, kisha mafuta kidogo kidogo mpaka nimetoka. Nikigeuza, narudia upande wa pili. Wachuma chai walinizoea, mama mmoja akawa ananisalimia kila nikipita: "Ndaga, bibi shamba!"

Tairi ndiyo iliyonionyesha maendeleo. Ilikuwa mpya, ina zile nywele ndogo za mpira. Jumapili ya kwanza nywele za katikati zilikuwa zimeisha, za pembeni zote zipo, na mpira wa pembeni unang'aa kama wa dukani. Ya pili nikachuchumaa kuikagua: upande wa kushoto zimepungua na mng'ao umekufa. Kulia bado zimejaa. Kona za kulia naziogopa zaidi, maana ndizo zinazonilaza kuelekea yanakotoka malori.

Jumapili hii narudi Katumba, kulia tu. Gunia la mbegu za viazi sitalifunga nyuma mpaka nywele za upande ule nazo ziishe.