Sifa Zote Akapewa Redio

Binti yangu kaniuliza juzi mbona redio ya gari letu inaishia 90. Anatafuta kituo chake kilichoko huko juu kwenye mia na kitu. Anabonyeza, namba zinafika 90.0, zinarudi 76.0. Nikamwambia gari hili limetengenezewa Wajapani, na FM yao ya miaka hiyo ilianzia 76 ikaishia 90. Yetu huku ni 87.5 hadi 108. Kwa hiyo tunakutana nao kwenye kipande kidogo tu.

"Kwa hiyo haiwezekani?"

Inawezekana, kwa ekspanda. Ni kidude kinachochomekwa kati ya antena na redio, kina waya wake wa moto na wa ethi, na kazi yake ni kushusha masafa. Kama kinashusha kwa 12, kituo cha 98.0 utakikuta kwenye 86.0. Ila piga hesabu: redio ikiishia 90, mwisho wako ni 102. Kilichoko 104 hukipati hata ukaegeshe juu ya kilima cha Bugando hapa Mwanza. Halafu kituo cha jirani chenye nguvu kilichoko 88 au 89 hupenya bila kushushwa, kikamkalia mwenzake juu, ukasikia wawili wanasoma habari kwa pamoja. Ekspanda ni ya kusogeza siku. Dawa ni kung'oa redio.

Na kung'oa redio kunanirudisha kwa shemeji na ile Corolla 110.

 Ni mtu wa dagaa: soko la samaki la Mwaloni Kirumba kila alfajiri, Sengerema kila wiki. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado, foleni ya kivuko ikikushika unakaa humo ndani ya gari, na redio ndiyo mwenzako. Alikuja na malalamiko matatu. Gari likilala Ijumaa halijaguswa, Jumatatu haliwaki. Spika moja ya nyuma imekufa. Na besi hakuna. "Shemeji, mimi niwekee sabufa tu, yaishe." Sabufa ikae wapi, wakati buti ni la magunia? Hilo hakuwa amelifikiria, na sidhani kama alipenda kukumbushwa.

Tukaenda kwa fundi mmoja Nyakato, mtu wa maneno machache. Akatoa fremu ya dashibodi, akafungua boliti namba 10 za pembeni, akaivuta redio nje. Nyuma yake hakukuwa na soketi. Zilishakatwa zamani. Kulikuwa na fungu la waya zilizosokotwa kwa vidole na kuvikwa tepu nyeusi ambayo joto lilishaiyeyusha gundi.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo redio nyingi zinapofia. Toyota za miaka ile zina soketi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6. Moto wa kudumu, ule unaobaki hata ufunguo ukitolewa, ni waya wa bluu wenye mstari wa njano. Moto wa swichi, unaokuja ufunguo ukizungushwa, ni wa kijivu. Ethi ni kahawia. Spika ya mbele kulia ni kijani kibichi hafifu na bluu, mbele kushoto ni waridi na zambarau, nyuma kulia nyekundu na nyeupe, nyuma kushoto nyeusi na njano. Sasa chukua redio ya dukani. Kwake njano ni moto wa kudumu, nyekundu ni moto wa swichi, nyeusi ni ethi, na kijivu ni chanya ya spika ya mbele kulia. Fundi anayeunganisha rangi kwa rangi anachukua kijivu cha gari, chenye volti 12, anakiingiza kwenye njia ya kutolea sauti. IC ya nguvu, kile kipande cha ndani kinachokuza sauti, inaungua hapohapo, mara nyingine bila hata moshi.

Redio ya kwanza ya shemeji ilikufa siku ileile ilipofungwa. Sasa tukajua kwa nini. Fundi wa pili akawa mjanja zaidi: akatafuta moto kwa taa ya testa, akaupata wa kudumu, akasokota nyekundu na njano pamoja humo. Redio ikaimba. Lakini haijui kama ufunguo umetolewa. Ukiizima kwa kitufe inabaki macho. Fundi wetu akaweka mita kwenye njia ya betri, ikasoma ampea 0.3. Zidisha kwa saa 72 za Ijumaa hadi Jumatatu, ni zaidi ya ampea-saa (Ah) 21. Betri yenyewe ni ya Ah 45, na si mpya. Lalamiko la kwanza likaishia hapo. Njano kwenye moto wa kudumu ili redio isisahau saa na vituo, nyekundu kwenye moto wa swichi, kila mmoja na fyuzi yake.

Waya za spika ndizo zilizotutoa jasho. Yule wa pili alikuwa amezirefusha kwa waya mwembamba wa rangi moja, zote nane. Rangi za Toyota zilikuwa huko ndani, zimezama nyuma ya hita. Fundi hakuhangaika kuzifuata. Akaweka mita kwenye omu, akawa anajaribu mbili mbili: zinazosoma omu 3 na nusu hivi ni za spika moja, kwa kuwa spika ya omu 4 ikipimwa kwa mita husoma chini kidogo. Akahakikisha hakuna hata mmoja unaogusana na bodi. Akapata jozi tatu. Mbili zilizobaki hazikusoma kitu. Hiyo ndiyo nyuma kushoto, koili imekatika.

Kisha akaomba betri ya tochi, ile ndogo ya volti 1.5. Redio iko chini sakafuni, haijaunganishwa popote; chanya ya betri anaigusisha kwenye waya uliokuwa umefungwa kwenye chanya ya redio. Makava ya milango tumeshayatoa. Yeye kalala chali miguu nje, kichwa chini ya usukani. Mimi nimechuchumaa mlango wa kushoto, shemeji ameshika tochi.

"Tazama karatasi. Inatoka au inaingia?"

Akagusa. *Tap.* Karatasi ya spika ikaruka nje, si zaidi ya unene wa ukucha, ikarudi. Imetoka. Basi waya ulioko kwenye chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Akafunga kipande cha tepu nyekundu. Anagusa na kuachia, hashikilii, kwa sababu umeme wa betri hauchezi, unakaa palepale na kuipasha koili. Tukahamia mlango wa kulia. *Tap.* Karatasi ikazama ndani. Shemeji akasema imetoka. Nikasema imeingia. Akagusa tena, shemeji akasogeza tochi mpaka karibu aichome karatasi kwa pua, akanyamaza.

Lalamiko la besi lilikuwa limejibiwa pale, kabla hatujanunua kitu. Spika za mbele zilikuwa zinapingana: ya kushoto ikisukuma hewa, ya kulia inavuta. Sauti nyembamba haijali sana, lakini mawimbi ya besi ni marefu, yakikutana kinyume ndani ya gari dogo yanafutana. Ukigeuza waya mbili tu besi inarudi.

Ya nyuma kulia ilikuwa kichekesho. Fundi alipogusa, karatasi iliruka na wingu la vumbi la dagaa likapanda kwenye mwanga wa tochi, linametameta, likashuka taratibu juu ya shelfu ya nyuma. Miaka ya magunia ilikuwa imekaa humo. Fundi akapiga chafya bila kutoka chini ya usukani. "Hii nayo imetoka," nikasema, na sikuwa na hakika nazungumzia spika.

Mengine yalikwenda haraka. Redio mpya ya dabo-dini, yenye kimo cha redio mbili, ina upana wa milimita 178, tundu la Toyota ni 200, kwa hiyo unahitaji vipande vya kuziba pembeni, kama milimita 11 kila upande. Usikubali fundi akuzibie kwa sponji. Kwenye boksi imeandikwa wati 50 mara 4. Itazame fyuzi iliyoko mgongoni: ampea 10. Kumi mara volti 14.4 ni wati 144, tena hiyo ni inayoingia, na sehemu inageuka joto. Kinachofika kwenye spika ni wati 15 hadi 20 kila moja. Ndiyo maana tukaweka amplifaya ndogo ya njia mbili, wati 50 kwa 50, chini ya kiti cha abiria, kwa ajili ya milango ya mbele tu. Za nyuma zikabaki kwenye redio. Waya wa moto wa shaba wa milimita za mraba 8, fyuzi ya ampea 20 isiyozidi nusu mita kutoka kwenye betri. Kuhusu waya, kwangua kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hupitisha theluthi mbili hivi ya shaba halisi, na kwa unyevu wetu wa ziwani ncha zake huliwa na kutu mapema.

Milango ndiyo iliyokula muda, na kwa maoni yangu ndipo pesa yote ilipopaswa kwenda. Mlango wa gari la zamani ni debe. Sauti ya mgongoni mwa spika inazunguka kupitia matundu ya bati la ndani, inakutana na ya mbele, besi inakufa tena. Tukakata pete za plaiwudi ya milimita 18, tukazipaka rangi ya mafuta pande zote maana mlangoni maji hupita, tukaweka sponji nyembamba kati ya pete na bati. Kabla ya kukaza, kioo kilishushwa mpaka chini kuhakikisha hakigusi sumaku. Matundu makubwa yakazibwa kwa shiti za butili, mpira unaonata. Kuna wanaotumia ile tepu ya lami ya kuzibia mabati ya nyumba. Jua la saa nane mchana likiupiga mlango, lami inateremka na harufu inakaa mwezi mzima. Ile nailoni ya kiwandani tukaibandika upya, kwa sababu ndiyo inayozuia maji ya mvua yasifike kwenye spika na kava. Mafundi wengi huichana na kuitupa. Matundu madogo ya chini kabisa, ya kutolea maji, hayazibwi.

Tukawasha gari. Mluzi kwenye spika. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Kijana wa fundi alikuwa ameifunga ethi ya amplifaya kwenye boliti ya kiti, yenye rangi na kutu. Wakati muziki unapiga kwa nguvu, kati ya ethi ile na hasi ya betri mita ilisoma volti 0.4. Fundi akakunja zulia, akakwangua bati kwa msasa mpaka likang'aa, akakaza ringi kwa boliti na washa ya meno, akapaka grisi juu. Ikasoma 0.05. Mluzi ukapungua, haukuisha. Uliisha alipoleta na ethi ya redio palepale. Mwisho akachomoa spika, akacheza mlio wa hezi 1000, redio robo tatu ya sauti, akapandisha geini, yaani kiwango cha amplifaya kukuza sauti, mpaka mita ikasoma volti 14.1 za AC. Ndiyo wati 50 kwenye omu 4. Besi ya chini ya hezi 80 akaikata, spika za mlangoni haziiwezi.

Shemeji akaondoka anatabasamu. Baada ya wiki akanipigia: kibati cha namba kinatetema, na kuna kitu kinagonga chini upande wa dereva. Kibati tulikiwekea sponji. Kile kingine kilikuwa bushi, na kilikuwa kinagonga siku zote. Zamani hakuwa akikaa kimya ndani ya gari kukisikiliza. Sijui kama nilimsaidia au nilimwongezea gharama. Foleni ya kivuko nayo nilimwonya: injini ikiwa imezimwa, redio na amplifaya kwa sauti ya kawaida ni ampea 4 hivi, kwa muda wa saa tano unakuwa umemaliza Ah 20.

Ila sifa zote akapewa redio. Akaisimulia Mwaloni nzima, jina na namba ya modeli. Wenzake wakainunua, wakaifunga wanakokujua, wakarudi kwake kulalamika kwamba haina besi.

Shemeji kawajibu kwamba huenda wameuziwa feki.